Taa ya Redio Isiyo na Jina: Historia Yake na Jinsi ya Kuitambua

Mazungumzo haya ni juu ya chombo kidogo cha kioo ambacho, kwa muda wa miaka hamsini hivi, kilikuwa moyo wa mitambo ya redio duniani. Waingereza walikiita vali, kwa maana hupitisha umeme upande mmoja tu, kama kifuniko cha pampu kiachavyo maji yapande yasirudi nyuma. Wamarekani walikiita mrija, kwa sababu ya umbo lake. Wafaransa walikiita taa, kwa kuwa huwaka. Sisi tutafuata njia ya Wafaransa, na kukiita taa ya redio. Maana mtu aliyechungulia nyuma ya sanduku la redio usiku hakuona kitu kingine ila taa ndogo ndogo zimesimama safu.

Taa hizi zimekwisha kuiacha kazi yake kubwa. Transista ilibuniwa mwaka 1947 katika maabara ya Bell huko Marekani, na tangu hapo taa za redio zikaondolewa kidogo kidogo, hata leo nyingi zimebaki katika makabati, katika ghala na katika nyumba za makumbusho. Miongoni mwake zimo ambazo hazina jina, wala namba, wala alama ya kiwanda. Mtu akiishika moja mkononi huuliza: Hii ni taa gani? Iliundwa wapi, na lini, na kwa kazi gani?

Swali hilo si la mchezo, na sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba jina la uongo likiisha kuandikwa katika daftari la makumbusho, hunakiliwa kutoka kitabu hata kitabu, na watu wa baadaye huliamini kwa kuwa limeandikwa. Ya pili ni kwamba taa yenyewe yaweza kuuawa na yule anayetaka kuijua. Utambi ulioundwa kwa volti 2, ukipewa volti 6 na mtu mwenye haraka, hukatika kufumba na kufumbua. Na hapo shahidi amekufa kabla hajasema neno. Kwa hiyo yafaa tujue kwanza taa hizi zilitoka wapi, ndipo tujifunze namna ya kuzihoji.

MWANZO WA TAA

Katika miaka ya 1880 Thomas Edison wa Marekani, alipokuwa akitengeneza taa zake za kuangaza nyumba, aliona jambo la ajabu. Alitia kipande cha chuma ndani ya kioo, mbali na utambi, wala hakikugusana nao. Lakini utambi ulipowaka, umeme ukapita katikati, penye utupu, ukafika kwenye chuma kile. Edison hakuona faida kubwa ya jambo hilo, akaliacha.

Mtu aliyelitumia ni John Ambrose Fleming, mwalimu mkuu katika University College ya London na mshauri wa kampuni ya Marconi. Tarehe 16 Novemba 1904 alipeleka ombi lake la hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa taa yenye vitu viwili ndani yake: utambi wa moto na bamba la chuma. Utambi hutoa chembe za umeme, nazo ni elektroni. Bamba likiwa upande wa chanya wa betri huzivuta. Likiwa upande wa hasi huzifukuza. Basi umeme hupita upande mmoja tu. Kwa njia hiyo mawimbi ya redio, ambayo huenda na kurudi mara nyingi mno kwa nukta moja, yaligeuzwa kuwa mkondo wa upande mmoja ambao sikio liliweza kuusikia kwa simu.

Mwisho wa mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani aliongeza kitu cha tatu katikati ya utambi na bamba, nacho ni waya uliokunjwa mfano wa wavu. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo lililogeuza historia. Wavu ukipewa umeme mdogo sana huzuia au huruhusu umeme mkubwa upitao kwenda kwenye bamba, kama mkono wa mtoto uwezavyo kufunga na kufungua mlango wa mfereji wenye maji mengi. Sauti dhaifu ikiingia kwenye wavu, hutoka kwenye bamba ikiwa na nguvu. De Forest aliiita taa yake audion, na hataza yake ilitolewa tarehe 18 Februari 1908.

Audion za kwanza ziliundwa katika karakana ya McCandless huko New York, iliyozoea kutengeneza taa ndogo za kuangaza. Kwa hiyo umbo lake lilifanana na taa za kawaida: kioo cha duara kama mpira, na kitako cha kukazwa kwa kuzungusha, waya za wavu na za bamba zilitokeza upande wa pili, zikiwa hazina miguu wala kifuniko. Nyingine zilikuwa na tambi mbili, ili mmoja ukikatika wa pili uwashwe. Mtu asiyejua aliona taa ya kawaida iliyoharibiwa.

TAA MBELE YA HAKIMU

Kutoijua taa kwa kuitazama nje kuliwahi kumfikisha mtu kizimbani. Mwaka 1913 De Forest na wenzake walishtakiwa huko New York kwa kuwadanganya watu walionunua hisa za kampuni yao. Mwendesha mashtaka alishikilia kwamba audion ni kitu kisicho na thamani, kifananacho na taa ya umeme tu. De Forest aliachiliwa, lakini wenzake wawili walipatikana na hatia. Na katika mwaka ule ule wa 1913 kampuni kubwa ya simu ya Marekani ilinunua haki ya kutumia taa hiyo hiyo katika simu kwa dola 50,000. Wataalamu wake, Harold Arnold akiwa kiongozi wao, waliondoa hewa ndani ya kioo vizuri zaidi, wakapata taa imara. Tarehe 25 Januari 1915 simu kati ya New York na San Francisco ilifunguliwa rasmi, na sauti iliyopita katika waya ule mrefu ilitiwa nguvu njiani na taa za namna hiyo.

Kesi nyingine ilikuwa juu ya nani mwenye haki. Mwaka 1916 mahakama ya Marekani iliamua kwamba taa ya vitu vitatu ya De Forest haiwezi kuuzwa bila ruhusa ya wenye hataza ya Fleming; na wenye hataza ya Fleming nao hawakuweza kuongeza wavu bila ruhusa ya De Forest. Kila mmoja akawa amemfungia mwenziwe mlango. Hata mwaka 1943 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ikatangaza kwamba hataza ya Fleming katika nchi ile haikuwa halali, wakati ambapo muda wake ulikuwa umekwisha pita zamani. Twayataja mambo haya kwa sababu, kama tutakavyoona, ugomvi wa hataza ni sababu moja ya kuwapo taa zisizo na jina.

TAA YA VITA

Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, mkuu wa simu za redio katika jeshi la Ufaransa alikuwa Gustave Ferrié, aliyekuwa ameutumia mnara wa Eiffel wa Paris kama mlingoti wa redio. Wakati huo Mfaransa mmoja, Paul Pichon, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Telefunken ya Ujerumani, alikuwa akirejea kutoka Marekani akiwa na audion za kuonyesha. Taa hizo zilifika mikononi mwa Ferrié badala ya kufika Berlin. Ferrié alipeleka wataalamu katika mji wa Lyon, penye viwanda vya taa, na mmoja wao alikuwa Henri Abraham, mwanachuo mkubwa wa elimu ya maumbile.

Kazi yao ilikuwa ngumu. Audion za De Forest zilitofautiana kila moja na mwenzake, na jeshi lilitaka taa ambazo askari aweza kuing'oa moja iliyokufa akachomeka nyingine gizani, na redio ikaendelea. Taa za kwanza za Lyon zilisimamishwa vibaya ndani ya kioo, zikavunjika kwa mitikisiko. Mwaka 1915 François Péri na Jacques Biguet walitoa umbo jipya: utambi wa tungsteni ulionyooka na kulazwa ubavu, wavu uliozungushwa kama kamba kuuzunguka utambi huo, na bamba la nikeli lililokunjwa kuwa mrija mfupi kuuzunguka wavu. Vyote vilikaa ndani ya kioo cha duara. Taa ikaitwa TM, yaani herufi mbili za kwanza za maneno ya Kifaransa yenye maana ya simu za jeshi. Utambi wake ulitaka volti 4, na mkondo wa ampea 0.7 hivi.

Kitako cha TM kilikuwa na miguu minne. Mitatu ilikaribiana na wa nne, ambao ni wa bamba, ulitengwa mbali kidogo, hata mtu hakuweza kuichomeka taa kinyume. Kitako hicho kikaenea Ulaya nzima na kutumiwa mpaka miaka ya 1930. Waingereza waliinakili TM mwaka 1916 wakaiita R, nayo ikaundwa na viwanda vingi. Waholanzi nao walifuata: huko The Hague Hanso Idzerda, aliyeanza kutangaza muziki na maneno kwa watu wote tarehe 6 Novemba 1919, alitumia taa zilizoundwa na Philips.

Hivyo taa ya aina moja, yenye sura moja, ilitoka katika viwanda vya nchi kadha wa kadha. Hapo ndipo shida yetu inapoanza.

KWA NINI TAA HUKOSA JINA

Taa hukosa jina kwa sababu mbalimbali. Iliyo kubwa ni nyepesi kabisa: maandishi mengi yalipakwa kwa wino juu ya kioo, na wino ule hufutika kwa kidole, kwa jasho, kwa joto la miaka mingi, au kwa kitambaa cha mtu mwenye kupenda usafi. Nyingine zilibandikwa karatasi iliyoanguka.

Sababu ya pili ni hataza tuliyoitaja. Huko Marekani hataza ya Fleming ilikwisha mwaka 1922, na ile ya De Forest ya mwaka 1908 ikaisha mwaka 1925. Kabla ya hapo, mtu aliyeunda taa za vitu vitatu bila ruhusa alikuwa mvunja sheria. Lakini redio zilikuwa zimewashika watu kama homa, na taa zilikuwa ghali. Basi wakatokea waundaji wa siri, wenye karakana ndogo, wakauza taa zenye majina ya bandia au zisizo na jina kabisa. Mtu hakai akaandika anwani yake juu ya bidhaa itakayompeleka mahakamani.

Sababu ya tatu ni desturi ya biashara. Kiwanda kimoja kiliunda taa, na kampuni nyingine ikaziuza kwa jina lake. Mathalan, kampuni ya Mullard ya Uingereza iliingia mikononi mwa Philips ya Uholanzi kabisa mwaka 1927, na tangu hapo taa za ndugu hao wawili zilifanana sana. Zikifutika maandishi, jicho halioni tofauti kwa urahisi.

NAMNA YA KUIHOJI TAA

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Kila taa iliundwa na mikono ya watu kwa kusudi fulani, na kusudi hilo limeacha alama. Kanuni ya kwanza ni hii: usiiwashe. Kuwasha ni jambo la mwisho, wala si la kwanza.

Pili, usiioshe. Ishike kwa kitako, uipumulie pumzi ya kinywa polepole huku ukiigeuza mbele ya mwanga wa ubavuni. Mvuke hushika mahali pa maandishi yaliyofutika kwa namna nyingine kuliko mahali penye kioo kitupu, na mara nyingi herufi zilizopotea huonekana kwa nukta chache. Uwe na kalamu tayari. Kisha tazama ukingo wa kitako, na chini yake katikati ya miguu. Huko nako viwanda vingine viligonga namba.

Tatu, tazama kioo. Kikiwa na chuchu juu, yaani ncha iliyobaki pale mrija wa kutolea hewa ulipoyeyushwa na kuzibwa, aghalabu taa ni ya kabla ya kati ya miaka ya 1920. Baadaye mrija ule ulihamishiwa chini na kufichwa ndani ya kitako. Tazama na rangi. Kioo kitupu chenye kung'aa chote chaonyesha taa ya zamani, ambayo hewa yake iliondolewa kwa pampu peke yake. Baadaye waundaji waliunguza ndani yake kipande kidogo cha madini ya kunyonya hewa iliyosalia. Magnesiamu huacha kioo kikiwa kama kioo cha kujitazamia. Bariamu huacha doa jeusi lenye kung'aa. Fosforasi huacha rangi ya hudhurungi au wekundu. Lakini doa la bariamu likiwa jeupe kama maziwa, jua kwamba hewa imeingia, na taa imekufa. Haina haja ya kupimwa tena.

Nne, hesabu miguu. Miguu minne iliyopangwa kwa umbo la tiara, mmoja ukiwa mbali, ni desturi ya Ulaya iliyotokana na TM. Miguu minne ambayo miwili ni minene na miwili ni myembamba ni desturi ya Marekani ya tangu 1925. Miguu minne mifupi sana, na kijiti kimoja ubavuni mwa kitako cha kukazia taa kwa kuzungusha kidogo, ni desturi ya Marekani ya kabla ya hapo. Mguu wa tano huleta habari kubwa: aghalabu wamaanisha kwamba utambi hautoi elektroni wenyewe, bali huchemsha mrija mwembamba uliouzunguka, nao ndio huzitoa. Taa za namna hiyo zilienea mwisho wa miaka ya 1920, redio zilipoanza kutumia umeme wa nyumbani badala ya betri. Miguu minane kuzunguka kijiti cha katikati chenye ukingo ilianza Marekani mwaka 1935.

Hapa iko kanuni isiyovunjika: taa haiwezi kuwa ya zamani kuliko sehemu yake iliyo mpya kabisa. Mtu akikuonyesha taa yenye kitako cha miguu minane na kusema ni ya vita vya 1914, usibishane naye; mwonyeshe kijiti cha katikati. Lakini kanuni hii haigeuzwi. Chuchu ya zamani haithibitishi kwamba taa ni ya zamani, kwa kuwa aina fulani ziliendelea kuundwa kwa umbo la kale muda mrefu.

Tano, chungulia ndani na kuhesabu. Utambi na bamba tu, hiyo ni taa ya kugeuza umeme kuwa wa upande mmoja. Ukiongezeka wavu mmoja, ni taa ya De Forest ya kutia nguvu. Nyavu mbili zaonyesha, mara nyingi, taa ya ngao iliyoenea tangu 1927. Nyavu tatu zaonyesha taa ya vitu vitano, iliyobuniwa na Bernard Tellegen katika maabara ya Philips mwaka 1926. Kofia ndogo ya chuma juu ya kioo yaonyesha kwamba waya mmoja ulitolewa huko juu ili ukae mbali na wenzake.

UTAMBI NA MOTO WAKE

Sasa tumebakiwa na swali la hatari, nalo ni la utambi. Tambi zilikuwa za namna tatu. Ya kwanza ni tungsteni tupu, ambayo haitoi elektroni za kutosha mpaka iwake nyeupe. Taa za TM na R ni za namna hii, na mwanga wake watosha kusomea. Ya pili ni tungsteni iliyochanganywa na thoriamu, iliyochunguzwa na Irving Langmuir wa kampuni ya General Electric; hii hufanya kazi ikiwa na rangi ya manjano, kwa umeme mdogo zaidi. Ya tatu ni waya uliopakwa oksidi, ambao faida yake ilionyeshwa na Arthur Wehnelt wa Ujerumani mwaka 1904. Huu hufanya kazi ukiwa mwekundu tu, na katika chumba chenye mwanga huuoni kabisa.

Tofauti ya namna hizi yaonekana katika hesabu. Taa ya Marekani iitwayo UV-201 ilitaka volti 5 na ampea 1. Mrithi wake, UV-201A, wenye thoriamu, ulitaka volti zile zile 5, lakini ampea 0.25 tu, yaani robo. Kwa watu wa betri tofauti hiyo ilikuwa ni siku nne badala ya moja. Nayo ndogo yao, UV-199, ilitaka ampea 0.06 peke yake. Utambi wake ni mwembamba mno, hata vyombo vingine vya kupimia umeme vyaweza kuukata kwa mkondo wa kupimia tu.

Kwa sababu hiyo mtu mwenye busara huanza kwa chombo chenye mkondo mdogo kabisa, ili ajue tu kama utambi umekatika au ni mzima. Akitaka kuendelea, hukaa katika chumba chenye giza, na kuuongeza umeme kutoka sifuri polepole, akitazama utambi na kuandika volti na ampea kwa kila hatua. Wavu na bamba haviungwi na kitu. Rangi nyekundu hafifu ikitokea, husimama. Kama bariamu ing'aayo ipo, kama utambi ni mnene kidogo na wenye ngozi nyeupe, taa hiyo huenda ni ya oksidi, na kuendelea mbele ni kuiua. Kama kioo ni kitupu na utambi ni waya mwembamba wa kijivu, huenda ni tungsteni, na bado iko mbali na kiasi chake. Polepole ndio mwendo. Hapa neno hilo ni sheria.

TUIJARIBU ELIMU HII

Natuchukue mfano. Mezani pana taa ya kioo cha duara. Juu ina chuchu. Kioo ni kitupu, hakina doa. Miguu ni minne, mmoja umetengwa. Ndani pana mrija wa nikeli uliolazwa ubavu, upana wake kama sentimeta moja, na ndani ya mrija mna waya uliozungushwa, na katikati utambi ulionyooka. Pumzi haikuonyesha herufi hata moja. Je, tuiite nini?

Kitako chasema: Ulaya, na si kabla ya 1915. Chuchu na kioo kitupu vyasema: huenda ni kabla ya kati ya miaka ya 1920. Mrija uliolazwa na utambi ulionyooka vyasema: ukoo wa TM. Utambi, ukipandishwa umeme kidogo kidogo na kutoonyesha ila wekundu hafifu kwa volti 2, wasema: tungsteni, volti 4 au karibu na hapo. Mashahidi wote wanne wamekubaliana, na hukumu ni hii: taa ya vitu vitatu, ya namna ya TM, ya Ulaya, ya miaka ya vita vya kwanza au ya mara baada yake.

Je, ni ya Lyon, au ni ya Uingereza, au ni ya nchi nyingine? Mtu mwenye tamaa atasema Lyon, kwa kuwa taa ya Ferrié ina sifa, na yenye sifa ina bei. Lakini mashahidi wetu hawakusema hivyo. Ili kusema kiwanda, hapana budi kuiweka karibu na taa nyingine zenye majina yaliyothibitika, na kulinganisha kitako, namna waya zilivyounganishwa, na nguzo za kioo zinazoshika vyombo vya ndani. Yakipatana, na jina liandikwe. Yasipopatana, daftari na liseme "namna ya TM", basi. Neno fupi la kweli lamfaa mchunguzi wa kesho kuliko jina refu la kubuni. Kwa kuwa neno fupi humwacha aendelee kutafuta, na jina la kubuni humfunga macho.

TAA MOJA, MAJINA MENGI

Twapenda kuonya pia kwamba kuwa na jina si mwisho wa mambo. Katika vita vya pili taa moja iliweza kuwa na majina matatu au manne. Philips waliunda taa ya EF50, yenye miguu tisa na koti la chuma, iliyofaa sana kwa rada. Wajerumani walipoivamia Uholanzi tarehe 10 Mei 1940, shehena ya taa hizi ilikuwa imekwisha vushwa hata Uingereza. Jeshi la anga la Waingereza liliiita VR91. Hapo V na R ni dalili ya taa ya kupokelea. Baadaye Marekani nayo iliiunda, na zile za Sylvania zilipakwa rangi nyekundu. Mtu akiziona tatu pamoja, moja imeandikwa EF50, moja VR91, na moja nyekundu imefutika, atadhani ni za namna tatu, kumbe ni ya namna moja.

Jina la kweli, likisomwa vizuri, hueleza kazi. Katika mpango wa Ulaya wa tangu 1934, herufi E ya kwanza ni volti 6.3 za kuchemshia, na A ni volti 4. Herufi inayofuata, F, ni taa ya vitu vitano ya kutia nguvu mawimbi, na L ni ya kusukuma kipaza sauti. Katika mpango wa Marekani wa tangu 1933, tarakimu ya kwanza ni volti: 6 ni volti 6.3, na 5 ni volti 5. Basi ukipata mabaki ya herufi mbili tu, umepata zaidi ya nusu ya habari. Lakini herufi nzuri mno, nyeusi na mpya, juu ya kioo chenye mikwaruzo na miguu yenye kutu, zahitaji kushukiwa; maana wako walioandika jina la taa ghali juu ya taa rahisi. Hapo vilevile kawaulize kitako, kioo na utambi kama wanaliafiki jina hilo.

Katika Afrika ya Mashariki utangazaji ulianza Nairobi mwaka 1928, na taa zilizotumika zililetwa kwa meli kutoka ng'ambo. Redio za zamani zingali zimo katika nyumba za watu, za mababu na mabibi zetu, na aghalabu taa zake zimo ndani. Twawashauri walio nazo wasizing'oe zote kwa mara moja. Kwanza na waandike katika karatasi kila taa imekaa katika tundu gani, kwa kuwa tundu ni shahidi kama miguu. Taa isiyo na jina, ikiwa imekaa karibu na kipaza sauti, imekwisha kutueleza nusu ya kazi yake. Ikiisha kung'olewa na kutiwa katika kopo pamoja na nyingine kumi, ushahidi huo umepotea, wala haurudishiki.